Siku Niliyogeukia Ukuta

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso, na mafundi wa karakana yetu, ambao huniita Mama Spana wakidhani siwasikii, wanajua siku yangu imeamkaje kwa jinsi ninavyofunga mlango. Kwa hiyo meneja wa kiwanda aliponiita ofisini asubuhi ile na kuniambia nikae, nilikaa huku nikijikanya moyoni: leo usiwake, mwanamke wewe, tafadhali usiwake.

Mhasibu alikuwa ameshakaa. Ni kijana mwenye miwani na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sikuwahi kumchukia, ila kila nilipomwona nilijua bajeti yangu ina homa.

"Mama," akaanza, "naomba nikuulize kitu, na usinielewe vibaya. Ile mashine kubwa ya kuchanganyia sabuni, ile mnayoiita Bibi. Ina beringi ngapi kubwa?"

"Mbili. Moja kila upande wa shafti."

"Na beringi ikifungwa vizuri inakaa muda gani?"

"Ikipata grisi kwa wakati, inakaa miaka."

Akameza mate. "Sasa mbona mnanunua nyingine kila kukicha? Mnazila?"

Karatasi za kuagiza vipuri zilipita mezani kwangu, saini zilikuwa zangu, na kila nilipotia saini niliamini kwamba Bibi amechoka, kwa kuwa ni mashine ya zamani na mafundi ndivyo walivyoniambia. Bibi amekula nyingine, bosi. Nami natia saini.

Meneja hakucheka na ule utani wa kula. Yeye ni mtu wa kunyoosha maneno. "Gharama za matengenezo zimevuka bajeti tena," akasema. "Bodi inakaa mwisho wa mwezi, na kuna pendekezo mezani kwao. Karakana ifungwe, kazi ipewe kampuni ya nje, mafundi wote waende nyumbani. Mimi naweza kukutetea mara moja tu, na siwezi kukutetea mikono mitupu. Niletee bajeti iliyopungua theluthi, uniambie na imepunguaje. Ukiniletea ileile, mimi sina la kusema."

Nilitoka nikarudi karakana. Mafundi wote maana yake ni pamoja na Mjomba. Mjomba ni kaka wa mama yangu, wa tumbo moja, ndiye aliyeniingiza kiwandani na kunifundisha kushika spana nikiwa bado nasuka mabutu. Sasa mimi ndiye mkuu wa karakana na yeye yuko chini yangu. Kwa kuwa mimi namwita Mjomba, kiwanda kizima kinamwita Mjomba, hata meneja ambaye ana mvi kumzidi. Karakana ikifungwa, barua ya kumrudisha nyumbani mtu aliyenilea ningeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Karakana yetu iko ubavuni mwa chumba cha boila. Joto lake unalizoea, utelezi hauzoeleki kamwe, maana vumbi la sabuni likikutana na mvuke sakafu inakuwa ya kujikaza kisabuni kwelikweli. Ukutani tumechora vivuli vya vifaa, kila nyundo na kila spana inajua mahali pake. Upande wa pili yamejipanga makabati ya chuma ya mafundi, moja kwa kila mtu, kwa ajili ya shati la kubadilisha na chakula cha mchana. Yote yana makufuli. Nilikuwa nimeyaona makufuli yale kwa miaka na sikuwahi kujiuliza shati linahitaji kufuli la ukubwa wa ngumi kwa nini.

Mwishoni kabisa kuna dirisha la stoo, lenye wavu, na nyuma ya wavu anakaa mtunza stoo. Yeye tunamwita Hakuna. Unajua kwa nini? Ukitaka hata sili, ile pete ya mpira ya kuzuia pampu isivuje, unajaza karatasi, natia saini mimi, anatia saini mhasibu, anatia saini meneja kama yupo, na ukirudi dirishani na saini zako zote jasho likikutoka, yeye anatazama rafu, anakuna kidevu, anasema, "Hakuna." Kitu kikishatoka dirishani kwake hakirudi. Tangu niajiriwe sikuwahi kumwona fundi akirudisha kipuri stoo, na wala haikunipitia akilini kwamba kingeweza kurudi.

Kwanza nilimshuku Bibi. Nilisubiri saa za usafi, nikaamuru asimamishwe, nikavaa ovaroli na kuingia mwenyewe. Nilipima shafti, imenyooka. Nilitazama grisi, safi. Nilifungua kifuniko cha beringi ya kushoto, kisha ya kulia, nikamulika kwa tochi. Beringi zote mbili zilikuwa za zamani na zina afya kuliko mimi. Bibi hakuwa amekula kitu.

"Mjomba," nikamwita. Alikuwa amesimama kando akinishikia taa. "Zile beringi tulizonunua ziko wapi?"

"Chuma kina mambo yake, bosi," akajibu. Mbele za watu huniita bosi, na huivuta ile o ya katikati kidogo ili nisahau ukubwa. "Leo kizima, kesho kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?"

"Ah. Ndivyo kilivyo." Akaondoka na taa, akaniacha gizani ndani ya tumbo la Bibi.

Nilimjua Mjomba. Alikuwa ananipiga chenga. Lakini mtu aliyekufunza kazi huwezi kumbana kama mwizi, kwa hiyo hasira nikaimeza nzimanzima, ikanikaa kifuani hadi Jumapili.

Jumapili nilikwenda kwake kuwasalimia, kama kawaida yangu. Mkewe aliniwekea birika la chai, akafungua kopo la sukari, akaligonga chini mara mbili. Tupu.

"Mwanangu, kimbia dukani," akaniambia, akitafuta pesa kwenye pindo la khanga.

"Ngoja kwanza nitoe vikombe." Nilinyanyuka nikafungua kabati la juu. Nyuma ya vikombe kulikuwa na pakiti ya sukari. Nikaiweka mezani. Akatoa macho. Nikasogeza sufuria kubwa, pakiti nyingine. Hapo nikanogewa. Nikafunua pipa la mchele, nikakuta moja imezikwa humo hadi shingoni, na nyingine tuliipata kwenye shuka zilizokunjwa, imeganda, ngumu ya kuweza kumpigia mtu kichwani.

Mkazamjomba wangu alicheka mpaka akajishika mbavu. "Si nyinyi!" akasema. "Mnakuja hapa mnakunywa chai kama maji. Sukari mbele ya watu hawa ukiiacha mezani itafika Jumatano?"

"Lakini umeificha mpaka wewe mwenyewe huioni! Kila wiki unanunua."

"Nanunua ndiyo! Nitafanyaje, na mgeni kashakaa?"

Tulicheka wote wawili machozi yakatutoka. Kisha nikaona kwamba tunacheka wawili tu. Mjomba alikuwa ametulia kama maji mtungini, macho yake kwenye kikombe, anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kicheko kilinikauka. "Mjomba," nikasema taratibu, "mle kwenye makabati ya karakana mna nini?"

"Mashati."

"Mashati hayafungwi kwa kufuli la geti."

Akaweka kijiko chini. "Mwanangu, leo ni Jumapili," akasema.

Jumatatu nilifunga mlango wa karakana kwa namna ambayo hakuna aliyeuliza siku yangu imeamkaje. Mkononi nilikuwa na msumeno wa chuma. Nilikwenda moja kwa moja hadi kabati la kwanza, la mchomeleaji tunayemwita Cheche, nikakamata kufuli kwa mkono wa kushoto, nikaanza kukata. Mafundi walijipanga nyuma yangu. Niliusikia msumeno tu, na unga wa chuma ukinidondokea kwenye viatu.

Nilipofika katikati ya kile chuma niliinua kichwa kupangusa jasho, na macho yangu yakaangukia ubao wa kanuni za kiwanda. Unaning'inia pale siku zote, juu ya makabati. Mali ya kiwanda ikikutwa kwa mfanyakazi ni wizi, na mfanyakazi ataachishwa kazi siku hiyohiyo. Nikageuka. Shoti, fundi wetu wa umeme, alikuwa amekwishaanza kulia bila sauti. Cheche alikuwa anautazama msumeno. Mjomba alisimama mbele ya kabati lake mikono nyuma, kidevu juu, haombi msamaha wala haombi chochote.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile ofisini kwa meneja. Nikifungua makabati yale kwa nguvu, nitakuwa nimeifanyia bodi kazi yake, na itakuwa kabla ya mwisho wa mwezi. Niliuchomoa msumeno.

"Nendeni mkanywe chai," nikawaambia. Walinitazama kama mtu aliyepandwa na homa. "Nimesema chai! Nendeni!"

Mimi nilikwenda kwa mhasibu. Nilimkuta anakula ndizi juu ya karatasi zake, akaificha haraka kwenye droo.

"Nikuulize kitu," nikamwambia, "na wewe usinielewe vibaya. Mali ya kiwanda ikionekana, haina mwenyewe, haijulikani ilikuwa wapi. Utaipokea?"

Aliisukuma juu miwani iliyokuwa ikimteleza puani. Hakuwa mjinga kijana yule. Akaelewa zile beringi zilikokwenda, nikamwona anavyoelewa.

"Ikionekana wakati wa usafi," akasema polepole, "inaweza kuingia stoo kama mali iliyopatikana. Thamani yake inatolewa kwenye manunuzi yajayo. Lakini mama, bila idhini ya meneja siwezi."

"Basi nitamwomba."

"Hapana. Nitamwomba mimi." Akavaa koti. "Wewe ukikataliwa utawaka."

Sijui alimwambia nini meneja. Alirudi na karatasi yenye mhuri, imeandikwa sentensi chache zilizonyooka: Jumamosi ya usafi wa mitambo, chochote kitakachowekwa kwenye meza ya karakana ni mali iliyopatikana, na hakuna mfanyakazi atakayeulizwa. Niliibandika ukutani kuifunika ile kanuni. Mafundi waliisoma mmojammoja, midomo ikitikisika, wakarudi kwenye kazi zao.

Ilibaki shida moja, nayo ni uso wangu. Uso huu hauwezi kuficha kitu. Mtu angeweka beringi mezani, na kabla hajaondoa mkono angesoma usoni pangu bei yake, tarehe niliyoitia saini na jina nililomwita kimoyomoyo. Nani angethubutu kuweka ya pili? Kwa hiyo niliwaambia: "Jumamosi nitakaa kwenye kiti, nimegeukia ukuta. Sitageuka mpaka kengele ya kufunga kazi. Nikigeuka, mniite mwongo mbele ya mama yangu."

Jumamosi ikafika. Mashine zote zimezimwa, na kiwanda kisicho na mngurumo kinatia woga, unasikia hadi maji yanavyodondoka bombani. Meza ndefu ya kazi niliitandika turubai. Nikaweka kiti changu, nikageukia ukuta, nikakaa. Mbele yangu palikuwa na kivuli cha nyundo kilichochorwa, basi. Nilikitazama.

Hakuja mtu.

Nilisikia mafagio nje, nikasikia mtu anamwaga maji, nikasikia vicheko mbali. Nikaanza kukereka. Nikajisemea, kumbe nimejifanya kichekesho, mwanamke mzima anakodolea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Shingo ikaniuma. Nilikaribia kabisa kusimama.

Kisha nikasikia kikohozi. Kikohozi kile nakijua, kimenijibu "hakuna" kwa miaka. Alikuwa mtunza stoo mwenyewe! Alitembea kwa kunyatia hadi mezani, akaweka kitu kizito kwa uangalifu. Akaweka cha pili. Akaweka cha tatu. Akasimama hapo nyuma yangu, nikasikia anavuta pumzi.

"Nilikuwa naweka akiba ya dharura," akanong'ona, kwa ukuta labda, maana mimi hakuruhusiwa kunisemesha. "Nikisema ipo, wanaimaliza."

Nilijiuma mdomo nisicheke wala nisitukane. Yeye akaondoka.

Baada ya hapo nadhani waliona kwamba Hakuna ametoka mzima. Ikaja milio ya makufuli, moja baada ya jingine, na milango ya bati ikilalamika. Chuma kikalia juu ya turubai. Mikanda ya mashine ikabwagwa. Niliwatambua wote. Shoti anaburuta mguu wa kulia, Cheche huvuta kamasi kila anapoinama, na fundi wa boila hawezi kubeba kitu bila kupiga mluzi, hata akiwa anarudisha alichokificha. Wengine walirudi mara mbili, mara tatu. Kuna wakati walianza kusahau kwamba mimi niko pale, wakawa wanatupiana maneno: "Na wewe unayo hii? Mimi nilidhani ninayo peke yangu!" "Mwehu wewe, mwezi uliopita nimekuomba hii, ukasema huna!" Na vicheko. Nami mbele ya nyundo yangu ya rangi nilikuwa natabasamu peke yangu.

Mjomba sikumsikia. Hatua zake nazijua kuliko zote, na hazikuja.

Karakana ilitulia tena. Nilihisi kengele iko karibu. Nilijua, kama kuna kabati lililojaa, ni la kwake. Kama angebaki nalo lilivyo, siku moja lingefunguliwa na mtu ambaye si mimi.

Ndipo nikasikia gurudumu la toroli. Lilikuja taratibu, likapita meza, likaendelea kuja, likanizunguka. Mjomba akasimama mbele yangu, kati yangu na ukuta. Toroli lilikuwa limejaa vitu vilivyofungwa kwa matambara, na kila tambara limelowa grisi.

"Mjomba, meza iko nyuma," nikasema, nikitazama viatu vyake.

"Naiona."

"Tumekubaliana nisione mtu."

"Mmekubaliana na wao. Mimi nimekubeba mgongoni, mwanangu. Siwezi kuja kukuwekea kitu nyuma kama mgeni." Akafungua tambara la kwanza. Ilikuwa beringi ya Bibi, inang'aa kama imetoka kiwandani kwake jana. Akafungua jingine. Nyingine. "Inua macho."

Nikainua macho.

"Ulipopewa cheo," akasema, "nilikuwa nimepanga foleni pale dirishani. Nikawasikia watu, sitawataja. Wanasema, tutaona. Bibi asimame siku moja tu, huyu mwanamke atarudi kushika spana. Wakacheka. Nikasema moyoni, Bibi hatasimama. Huyu ni mtoto wa dada yangu, Bibi hatasimama hata kwa saa moja. Nikaanza kuweka. Kila palipohitajika moja, niliomba mbili, na ya Bibi niliomba hata akiwa mzima."

Nilizitazama zile beringi, kila moja na tambara lake, na matambara yenyewe nikayatambua, ni mashati yake ya zamani aliyoyachana.

"Mjomba," nikasema, "umejua kwamba hizi ndizo zilizokuwa zinaniua? Bodi inataka kufunga karakana kwa sababu ya hizi."

"Nimejua Jumapili," akasema. "Kwenye sukari. Mimi nilidhani nakulinda." Akajifuta macho kwa mkono wa shati, mzee yule ambaye sijamwona akilia hata alipomzika mama yake. "Nisamehe, bosi." Safari hii hakuivuta ile o.

Nilisimama, nikamshika mikono yote miwili, grisi na yote. Nililia, na sioni haya kusema. Kengele ikalia juu yetu, hakuna aliyeisikiliza.

Mhasibu alikuja Jumatatu na kalamu yake. Si kila kitu kilikuwa kizima. Aliokota sili ya mpira akaibonyeza kidogo, ikavunjika mkononi mwake kama biskuti. Mikanda mingine ilikuwa imekaa imepinda kwenye makabati hadi haikunyooka tena. Fedha ile ilikuwa imekwenda bure, na kila mmoja aliona, kwa kuwa niliwaita wote waje waone. Lakini vyuma vilikuwa vizima, na vya Mjomba vilikuwa kama vipya. Mhasibu aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akavua miwani.

"Theluthi imepatikana," akasema. "Na kidogo juu."

Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. "Imepatikana mara hii," nikamwambia. "Mwakani je? Hawakuficha kwa kupenda. Saini tatu kwa sili moja, nani hataficha?"

Alifikiri huku akipangusa miwani kwa tai. Tukakaa siku mbili mimi na yeye na Hakuna, tukabishana hadi nikawaka mara moja, na yeye akaniambia nimewaka vizuri. Tukakubaliana hivi. Vipuri vya haraka vitoke nyuma ya wavu, vikae kwenye rafu ya wazi katikati ya karakana. Fundi achukue kwanza, mashine ikishawaka ndipo aandike. Mtunza stoo ahesabu rafu kila Ijumaa na kuagiza kilichopungua, na saini ibaki moja, ya kwangu. Naye Hakuna alilalamika kwamba rafu itakuwa tupu ndani ya wiki. Nikamwambia tutaona.

Siku ya bodi, wageni wakiwa ghorofani na meneja akiwa na ile bajeti mkononi, pampu ya sabuni ya moto ikakwama. Kwa anayejua sabuni, hilo ni balaa. Sabuni ya moto hutembea kama uji, lakini ikisimama kwenye bomba inapoa, na ikipoa inaganda, na ikiganda unakata bomba moja baada ya jingine kwa wiki nzima. Kwenye siku za makabati, fundi angeanza kutafuta karatasi. Mimi nilifika mbio, roho mkononi, nikamkuta Mjomba na Cheche wameshafungua pampu. Mjomba alikuwa amechukua beringi mbili kutoka kwenye rafu, kama desturi yake, kwa sababu moja inaweza kuharibika wakati wa kuigonga. Niliwashikia taa kama yeye alivyonishikia. Bomba lilikuwa bado lina moto kiganjani nilipoligusa, pampu ikakoroma, ikakohoa, sabuni ikatembea. Huko juu hawakujua hata kama ilisimama.

Meneja alishuka alasiri. Alinikuta mlangoni mwa karakana.

"Wametupa mwaka mmoja," akasema. "Karakana inabaki. Bajeti yako imepita." Nilitaka kumkumbatia, akainua mkono. "Lakini wanasema, na mimi siwezi kuwabishia, kwamba watu ni walewale. Mazoea hayaondoki kwa kutandika turubai. Mwakani watakuja kufungua yale makabati wenyewe."

Alipoondoka nilibaki pale, furaha imeingia mchanga. Niliyatazama makabati. Mengi hayakuwa na makufuli tena, yalikuwa wazi, mashati yananing'inia. La Mjomba lilikuwa limefungwa mlango. Nikakumbuka zile beringi mbili alizochukua asubuhi. Pampu ilikula moja tu.

Basi nikamwona. Alikuwa anatoka kwenye pampu, anajipangusa mikono, na ile beringi ya pili iko kwapani mwake imefungwa tambara. Akafika kwenye kabati lake, akasimama. Akatia mkono mfukoni. Mimi nikashika fremu ya mlango. Akatoa funguo, akafungua, akachukua shati lake safi, akalibeba begani, akauacha mlango wazi. Kisha akavuka karakana yote hadi kwenye dirisha la stoo, akaiweka beringi juu ya ubao, mbele ya wavu.

"Hii imebaki," akasema.

Mtunza stoo aliitazama beringi, akamtazama Mjomba, akavuta droo, akapekua, akavuta nyingine. "Karatasi ya kurudishia..." Akakohoa. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Akanyoosha shingo akaniona kule mlangoni. "Mama! Huyu anarudisha! Sasa mimi nifanyeje?"

Karakana nzima iliacha kazi ikanitazama. Nilitaka kujibu kwa sauti ya mkuu wa karakana, ikashindikana.

"Pokea," nikasema. "Pokea tu, baba. Mwambie asante."